Kisiwa Kinachosahau: Tathmini ya Riwaya ya The Memory Police ya Yōko Ogawa

Riwaya ya The Memory Police, yaani Polisi wa Kumbukumbu, ya mwandishi wa Kijapani Yōko Ogawa, huwagawa wasomaji kuliko riwaya nyingi za kigeni zinazotufikia kwa njia ya tafsiri, na mgawanyiko huo karibu kila mara huanzia kwenye swali moja: kwa nini vitu vinatoweka? Anayetaka jibu hulifunga buku akiwa amekasirika, kwa sababu Ogawa hatoi jibu lolote, liwe la kisayansi, la kichawi au la kisiasa. Mimi ni miongoni mwa wale wanaoona kwamba kukosekana kwa jibu hilo ndiko kunakoipa riwaya hii nguvu zake, na katika tathmini hii nitaeleza kwa nini, bila kuficha mahali ambapo kazi yenyewe inalegea. Nitagusia mwisho wake pia, kwa hiyo asiyependa kujua mambo kabla hajasoma na aisome riwaya kwanza.

Kisa kinatokea katika kisiwa kisichotajwa jina. Mara kwa mara, bila ratiba na bila tangazo, kitu fulani hutoweka: utepe, kengele, zumaridi, stempu, manukato, baadaye ndege, waridi, picha, kalenda, na hata riwaya zenyewe. Kutoweka huko si kuyeyuka kwa kitu hicho, angalau si kwa kawaida. Watu huamka asubuhi wakahisi kwamba hali ya hewa imebadilika, wakatoka nje na kukusanyika vikundi vikundi barabarani, wakazungumza kwa sauti ya chini hadi wakatambua ni nini kilichowatoka moyoni. Kisha wao wenyewe, kwa mikono yao, hukusanya mabaki ya kitu hicho na kuyachoma moto, kuyazika au kuyatupa mtoni. Siku chache zikipita, hakuna anayekisikitikia tena. Wachache ambao kumbukumbu zao hazifutiki husakwa na Polisi wa Kumbukumbu, askari wenye sare za kijani iliyokolea, ambao hupekua nyumba za watu na kuwachukua moja kwa moja. Msimulizi ni mwanamke kijana, mwandishi wa riwaya, naye pia hatajwi jina. Mama yake, mchongaji sanamu aliyekuwa mmoja wa wale wasiosahau, aliitwa na polisi hao na akarudishwa maiti. Baba yake, mtaalamu wa ndege, naye amekwisha kufariki. Msimulizi anapogundua kwamba mhariri wake, anayeitwa R tu, ni miongoni mwa wanaokumbuka, anaamua kumficha katika kijichumba cha siri ndani ya nyumba yake, akisaidiwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo wa kivuko katika siku ambazo kivuko kilikuwa bado na maana.

Sehemu inayoonyesha vizuri zaidi uwezo wa mwandishi huyu inakuja mapema, pale ndege wanapotoweka. Msimulizi anaona kiumbe kidogo cha rangi ya hudhurungi kikipita angani, anajiuliza kama aliwahi kukiona pamoja na baba yake kule kwenye kituo cha kuchunguzia ndege, na papo hapo anatambua kwamba kila kitu alichokijua kuhusu ndege kimemtoka: maana ya neno, hisia zilizofungamana nalo, kumbukumbu zote. Majirani waliofuga ndege majumbani wanatoka na vitundu vyao na kuwaachia viumbe hao, ambao wanababaika kwa kuwa wamezoea kulishwa na binadamu. Halafu polisi wanafika katika chumba alichofanyia kazi baba yake, wanapekua na kubeba kila karatasi yenye alama ya utafiti wake, na binti anatazama tu. Anachokisema moyoni ni kwamba ni afadhali baba alikufa kabla ya siku hiyo. Hakuna kilio katika ukurasa huo. Mtoto anaporwa urithi wa baba yake mbele ya macho yake na hawezi hata kuhuzunika ipasavyo, kwa sababu kile ambacho kingemhuzunisha kimekwisha kung'olewa ndani yake. Binafsi sijasoma maelezo ya msiba yaliyonigusa kwa maneno machache kiasi hicho.

Ni vyema msomaji ajue historia ya kazi hii kabla hajaihukumu. Ogawa, aliyezaliwa Okayama mwaka 1962, aliitoa kwa Kijapani mwaka 1994, akiwa tayari amekwisha kupata Tuzo ya Akutagawa, tuzo ya fasihi inayoheshimika nchini kwao. Tafsiri ya Kiingereza ya Stephen Snyder ilichapishwa mwaka 2019, miaka 25 baadaye, na mara moja ikaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya kitaifa ya vitabu ya Marekani katika kundi la tafsiri, na mwaka uliofuata katika orodha fupi ya Tuzo ya Kimataifa ya Booker, ambayo fedha zake, pauni 50,000, hugawanywa sawa kwa sawa kati ya mwandishi na mfasiri. Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuwezi kuushangaa ucheleweshaji huo. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka huohuo wa 1994, nayo ilisubiri hadi mwaka 2022 ndipo Ida Hadjivayanis alipotuletea tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, kupitia Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, ingawa watu wanaosimuliwa humo ni watu wa pwani na bara yetu wenyewe. Kazi inayosafiri kwa kuchelewa hivyo hufika ikiwa imevishwa mavazi ya wakati inaopokelewa, na hapo ndipo penye chanzo cha baadhi ya malalamiko dhidi ya riwaya ya Ogawa.

Kwa Kijapani, jina lake halina polisi ndani yake; linazungumzia fuwele iliyofichika. Wachapishaji wa Kiingereza waliwaweka polisi kwenye jalada, na wasomaji wa mwaka 2019, waliokuwa na hofu nyingi kuhusu serikali zinazochungulia maisha ya raia, wakaipokea riwaya kama kisa cha utawala wa mabavu. Msomaji anayeingia na matarajio hayo atatafuta mtawala mkuu na hatamkuta. Atasubiri harakati za ukombozi zisizofika, na atataka kujua mitambo ya udhibiti inavyofanya kazi ilhali mwandishi haionyeshi. Polisi wenyewe ni watu wa buti na magari, wanaokuja na kuondoka, na hakuna hata mmoja anayepewa sura ya kukumbukwa. Nadhani hilo limefanywa kwa makusudi. Katika kisiwa hiki polisi hawasababishi kusahau. Wanafuata nyuma yake na kukamilisha kazi ambayo mioyo ya wananchi imekwisha kuianza. Kinachotisha ni ile asubuhi ya kawaida ambapo watu wema, majirani wanaosalimiana na kugawana chakula, wanabeba picha za wazazi wao hadi kwenye moto bila kulazimishwa na yeyote.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Ogawa amekuwa akisema hadharani jinsi shajara ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha na familia yake Amsterdam wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilivyomgusa tangu ujana wake. Athari hiyo inaonekana wazi katika kijichumba cha R: dari fupi, mlango uliofichwa, hofu ya nyayo zinazopita juu, sinia za chakula zinazoteremshwa kwa siri, maji ya kunawa yanayobebwa kwa ndoo. Lakini mwandishi ameigeuza picha hiyo kwa namna inayonivutia sana. Kule Amsterdam, waliojificha waliwategemea watu wa nje ambao dunia yao, pamoja na vita, ilibaki kuwa dunia kamili. Hapa aliyejificha ndiye pekee aliyebaki na dunia kamili kichwani mwake, na wanaomlinda ndio wanaopungua siku hadi siku. Mfungwa anakuwa tajiri, na walio huru wanakuwa mafukara. R anawaonyesha kinanda cha mdomo, tikiti ya kivuko na kisanduku cha muziki, akiwasihi wajaribu kukumbuka, nao wanajaribu kwa heshima na upendo wote, na hawawezi.

Katika mazungumzo na wasomaji wenzangu nimekutana na misimamo ambayo haikubaliani hata kidogo. Mmoja, mwalimu aliyezoea riwaya za kisayansi zenye kanuni zilizopangwa vizuri, anasema kisiwa hiki hakiwezekani: matunda yakitoweka watu watakula nini, na neno likifutika inakuwaje msimulizi aendelee kulitumia katika usimulizi wake? Hoja yake ni ya haki, na ni kweli kwamba msimulizi hutaja vitu ambavyo kwa kanuni za kisiwa asingepaswa kuwa na maneno yake. Mwingine anasema aliisoma yote kama habari ya mzazi wake mwenye maradhi ya kusahau ambaye yeye alimuuguza, ambapo kila mwezi kitu kimoja huondoka na familia hujipanga upya kuishi bila hicho, na kwamba kwake yeye hapakuwa na jambo lolote la ajabu humo. Wa tatu alikerwa na utiifu wa watu wa kisiwani, akasema hakuna jamii inayoweza kunyamaza kiasi hicho. Mimi na huyu wa tatu tumebishana kwa muda mrefu, kwa kuwa naamini utiifu huo ndio moyo wa kazi yote. Kalenda zinapochomwa na majira ya kuchipua yakakataa kufika, theluji inaendelea kuanguka, mboga zinaadimika madukani, foleni zinarefuka, na watu wanaambiana tu kwamba hapana budi kuzoea. Aliyeshuhudia jinsi watu wanavyokizoea kitu kibaya kikiongezwa kidogo kidogo hatakuta chumvi yoyote humo.

Msomaji wa Kiswahili ana faida fulani anapoikabili kazi ya namna hii, kwa kuwa fasihi yetu yenyewe ilikwisha kutuandaa. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, miaka michache tu kabla ya Ogawa kutoa riwaya yake upande wa pili wa dunia, na katika kazi hizo msafiri anatangatanga katika mandhari yasiyo ya nchi yoyote inayojulikana, akikutana na watu ambao ni dhana zaidi kuliko wanadamu. Wahakiki wetu huziweka katika uhalisiajabu, yaani mtindo unaochanganya uhalisia na maajabu, na wanafunzi wengi walioandikiwa kuzisoma wamewahi kuzilalamikia kama vile Ogawa anavyolalamikiwa leo: hazielezi. Tofauti ni kwamba Kezilahabi anamtupa msomaji katikati ya falsafa tangu ukurasa wa kwanza, ilhali Ogawa anamwandalia chai na keki, anamtembeza sokoni, anamwonyesha jirani aliyekuwa fundi kofia na sasa anatengeneza miavuli, na ni baada ya muda mrefu ndipo msomaji anapohisi kwamba ardhi aliyosimama juu yake imemomonyoka. Kwa sababu hiyo naamini aliyeshindwa na Nagona anaweza kuanzia hapa, kisha akairudia Nagona akiwa na subira mpya.

Tukio la picha ni la pili ninalotaka kulitazama kwa karibu. Asubuhi picha zinapotoweka, msimulizi anazikusanya albamu na fremu zote za nyumbani ili azichome kwenye tanuri la takataka bustanini, na R anamsihi asifanye hivyo. Anamweleza kwamba picha hubeba mambo ambayo kichwa peke yake hakiwezi kuyahifadhi, kwamba akizichoma hakuna njia ya kurudi. Msimulizi anamsikiliza kwa makini, anamwelewa kila neno, hana ubishi. Kisha anazichoma, hata ile ya mama yake, kwa sababu anapoitazama hakuna kinachomjia isipokuwa kipande cha karatasi. Hapa Ogawa anafanya jambo gumu: anatuonyesha watu wawili wanaopendana, wote wakisema ukweli, ambao hakuna hoja inayoweza kuwakutanisha. Nimesoma maoni yanayosema msimulizi ni dhaifu na anaudhi katika sehemu hii. Sikubaliani. Ushupavu wa kumficha mtu nyumbani kwako huku ukijua adhabu yake si udhaifu, na mtu huyuhuyu ndiye anayeshindwa kuitunza picha moja. Ushujaa na usahaulifu vinakaa katika kifua kimoja, na hilo ni kweli kuhusu wanadamu wengi.

Ndani ya riwaya hii kuna nyingine, ile ambayo msimulizi anaiandika na kumsomea mhariri wake. Inahusu mwanamke anayejifunza kupiga chapa, anayependana na mwalimu wake, akapoteza sauti, na hatimaye mwalimu huyo akamfungia katika mnara wa saa uliojaa mashine mbovu za kupigia chapa. Wasomaji wengine huzirukaruka kurasa hizi wakidhani ni mapambo. Wasifanye hivyo. Kwa maoni yangu ndizo kali kuliko zote, na zinatoa mwanga mbaya juu ya uhusiano wa msimulizi na R: katika kisa kikubwa mwanamke anamfungia mwanamume kwa upendo, katika kisa kidogo mwanamume anamfungia mwanamke kwa ukatili, na kadiri mtu anavyosoma ndivyo anavyopata taabu kuzitenga nia hizo mbili. Riwaya zinapotoweka kisiwani na maktaba kuchomwa moto, msimulizi anapata kazi ya kupiga chapa ofisini, na R anamhimiza aendelee kuandika hata kama ni neno mojamoja. Juhudi hizo za kutafuta sentensi katika kichwa kilichofutwa zimeandikwa na mtu anayeijua kazi ya uandishi kwa ndani kabisa.

Dosari zipo. R mwenyewe hakamiliki kama mhusika. Tunaambiwa ana mke, tunaambiwa mke huyo amejifungua mtoto wakati baba yuko mafichoni, na bado mapenzi yake na msimulizi yanaingia katika kisa bila uzito wa kutosha juu ya mwanamke huyo na mtoto wake. Nilisubiri ukurasa mmoja tu ambao ungemfanya R aonekane kugawanyika, na sikuupata. Sehemu ya katikati nayo inajirudia: kitu kinatoweka, watu wanachoma, R anasihi, mzee anafariji, theluji inaanguka. Najua kwamba kurudiarudia huko kunaiga maisha ya kisiwani, lakini kuna mahali ambapo uigaji huo unageuka kuwa uchovu wa kawaida wa msomaji. Kinachoiokoa sehemu hiyo ni mzee wa kivuko, mhusika ninayempenda kuliko wote. Hakumbuki chochote zaidi ya wenzake, hana nadharia yoyote, hana hasira. Anajua tu kwamba mtu anahitaji mahali pa kulala, sehemu ya kupitisha hewa na kitu cha moto cha kula, naye anachukua vifaa vyake na kutengeneza. Kifo chake, kinachokuja baada ya tetemeko la ardhi lililokizamisha kivuko alichokuwa akiishi, kilinigusa kuliko hatima ya wale wawili.

Kuhusu tafsiri, sijui Kijapani na siwezi kuipima dhidi ya asili yake. Ninachoweza kukipima ni Kiingereza kinachonifikia, nacho ni safi, kifupi, kisicho na kelele. Snyder, ambaye amefasiri kazi nyingine kadhaa za Ogawa, ameacha sentensi ziwe tulivu hata pale tukio linapotisha, na hakujaribu kuziongezea rangi. Msomaji wa Afrika Mashariki anayesoma Kiingereza cha kawaida cha shule hatahitaji kamusi kila ukurasa, jambo ambalo si dogo kwa kazi yenye fikra nzito kiasi hiki. Kwa urahisi huohuo naona kwamba ingefasirika vizuri kwa Kiswahili, na natamani mchapishaji mmoja wa hapa kwetu alifikirie jambo hilo kwa dhati, tena kwa kumtafuta mfasiri anayeweza kuanza na Kijapani chenyewe.

Umebaki mwisho, ambao ndio unaozua ubishi mkali kuliko yote. Baada ya vitu vya nje, miili inaanza kutoweka. Watu wanaamka siku moja na mguu wa kushoto haupo katika fahamu zao. Upo pale, una nyama na damu, lakini hawajui ni wa nini na wanajifunza kutembea bila kuutegemea, hata mbwa. Kisha viungo vingine vinafuata, hadi msimulizi anabaki sauti tu, na R anatoka mafichoni na kuingia katika kisiwa ambacho hakina tena wa kumwinda. Wapo wanaosema Ogawa alishindwa kumalizia, akachukua kanuni yake na kuivuta hadi ikakatika. Nakubali kwamba kurasa hizo zinakwenda haraka mno kwa tukio kubwa namna hiyo, na kwamba ningependa kukaa zaidi na watu wale wakati wa kupoteza mguu, sehemu iliyoandikwa kwa ustadi wa ajabu. Hata hivyo sioni njia nyingine ambayo kisa hiki kingeweza kwenda bila kusema uongo. Jamii iliyokubali kupoteza ndege, waridi, picha na riwaya, kila mara ikijiambia kwamba maisha yanaendelea, haikuwa na mahali pa kuweka mpaka.

Naipendekeza kwa msomaji mwenye subira, na zaidi kwa vikundi vya usomaji, kwa kuwa ni nadra kupata riwaya isiyofika kurasa 300 inayoweza kuwafanya watu wazima wabishane jioni nzima kwa uzito. Anayetafuta mbio, mapambano na ushindi hatavipata humu. Anayeandaa mjadala na auanzie kwenye picha zile za bustanini, na aulize kila aliyehudhuria ni kitu gani ambacho yeye mwenyewe angekichoma bila kubisha.